Imani Isiyo na Ukuta

Watu husema kwamba Tanzania ni nchi isiyo na dini, na wengi wasemapo hivyo hudhani wamesema jambo moja. Kwa kweli wamesema mambo mawili. La kwanza ni la sheria: Serikali haina kanisa lake wala msikiti wake, na haimwulizi raia anasali wapi kabla ya kumpa haki yake. Jambo hilo limo katika Katiba ya 1977 kama isomekavyo leo. Ibara ya 3 huitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na Ibara ya 19 humpa kila mtu uhuru wa kuabudu. La pili ni la maisha: kwamba shughuli nyingi za mchana, sokoni, ofisini, kiwandani na darasani, huendeshwa bila ya kumtaja Mungu, na bila ya kungoja shauri la padre, mchungaji au shehe. La kwanza laweza kuandikwa kwa siku moja. La pili huja polepole kama maji yajaayo, na aliyejenga karibu na pwani hushtuka akiyaona yamekwisha fika kizingitini.

Insha hii yataka kutazama jinsi Wakristo wa Tanganyika, ambayo baadaye ilikuwa Tanzania Bara, walivyoishi imani yao huku mambo hayo mawili yakibadilika. Swali lake ni hili: imani huishije inapokosa ukuta? Kwa neno ukuta nakusudia kila chombo ambacho Kanisa lilikijenga ili kuwakinga watu wake na dunia, au kuivuta dunia ije kwake: kijiji, shule, hospitali. Katika historia ya nchi hii ukuta huo ulivunjika au kuondolewa mara tatu iliyo wazi. Kila mara watu walitabiri kwamba imani itazikwa pamoja na matofali yake. Haikuzikwa, lakini kila mara ilionekana bayana ni kiasi gani ilikuwa imekaa ndani ya watu, na ni kiasi gani ilikuwa imekaa katika jengo tu.

Ukuta wa kwanza ulikuwa kijiji. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka bahari kutoka Unguja, wakaanza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Watu wao wa mwanzo hawakuwa wenyeji wa mji ule. Walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, ambao walinyakuliwa kwao bara na kuletwa pwani kwa minyororo. Walifundishwa kusali, kusoma, kulima na kazi za mikono. Walipokua walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha misheni, na kengele ikawa ndiyo iwaamshayo, iwapelekayo kazini na iwarudishayo kanisani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, alitoka Unguja na kundi la watu waliowekwa huru, wakafanya makao yao Masasi, huko kusini.

Si haki kuwacheka waliojenga vijiji hivyo. Mtu aliyeuzwa hana ukoo wa kumpokea, hana mjomba wa kumtetea, hana mzee wa kumwozesha. Kijiji cha misheni kilikuwa ukoo wake. Lakini jirani yake Myao au Mmakua alipotazama kutoka nje aliona kwamba kuwa Mkristo ni kuhama. Dini mpya ilikuwa mahali kabla ya kuwa mwenendo. Aliyeitaka ilimpasa kuacha nyumba ya baba yake na kwenda kuishi chini ya kengele ya wengine.

Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Ukuta wa kijiji ukavunjika kweli kweli, na sehemu ya kazi ikahamia Newala. Hapana mtu mwema awezaye kuusifu msiba ule. Hata hivyo jambo moja lililofuata lastahili kuangaliwa. Katika nchi hiyo hiyo, katika miaka iliyozunguka Vita Kuu ya Kwanza, makasisi na walimu Waafrika pamoja na Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1926, walianza kuadhimisha jando la Kikristo. Hawakumwambia mzazi amfiche mwanawe asiende jandoni, wala hawakuliacha jando lote lipite kama lilivyokuwa. Waliuliza ni lipi katika mafunzo yale lamjenga kijana na ni lipi lamharibu, wakalichukua lile na kuliacha hili. Wako waliosema wamelegeza dini, na wako waliosema wameiharibu mila. Lakini swali lenyewe lilikuwa limegeuka. Zamani liliulizwa: huyu atatokaje kwao aje kwetu? Sasa liliulizwa: huyu akaeje kwao naye ni Mkristo?

Ukuta ulivunjika mara ya pili kwa vita vya wageni wenyewe. Majeshi ya Uingereza na Ubelgiji yalipoingia katika koloni la Wajerumani mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walianza kukamatwa na kuondolewa, na baada ya vita wale waliosalia walifukuzwa nchini. Katika Kilimanjaro, Usambara na Buhaya, makanisa ya Kilutheri yalibaki kwa miaka kadhaa na wageni wachache wa kuyasaidia, na pengine bila mgeni kabisa. Nani aliyefundisha? Nani aliyezika? Nani aliyewapatanisha waliogombana? Ni walimu wa shule za vijijini na wazee wa usharika, watu wenye mshahara mdogo au wasio na mshahara. Wamisionari waliporudi, yapata mwaka 1925, walikuta makanisa yakiwa hai, na mahali pengine yamekua. Wenye funguo walikuwa wameondoka, nyumba ikabaki na wenyewe.

Lakini wakati huo huo ukuta mkubwa kuliko yote ulikuwa unaanza kupanda. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki ikichungua elimu, na mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitangaza siasa yake ya elimu kwa makoloni ya Afrika. Neno lake kuu lilikuwa kwamba Serikali na misheni zishirikiane: misheni ziendeshe shule, Serikali izikague na kuzipa ruzuku. Kwa mpango huo misheni zilipata fedha, na Serikali ikapata shule kwa gharama ndogo. Kufikia uhuru mwaka 1961, zaidi ya nusu ya shule za msingi zilikuwa mikononi mwa mashirika ya dini. Katika wilaya nyingi maneno kusoma na kubatizwa yalikuwa yamekaa pamoja hata watu wakayaona kama maneno mapacha. Aliyesoma alidhaniwa Mkristo, na Mkristo alidhaniwa msomi.

Yatupasa kusema wazi uzuri na ubaya wa ukuta huu. Uzuri wake ni kwamba bila shule hizo maelfu ya watoto wasingejua kuandika majina yao, na nchi isingepata makarani, wauguzi, walimu na viongozi iliowahitaji. Ubaya wake ni kwamba mlango wa elimu ulikuwa umepachikwa katika nyumba ya dini moja. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe asome alikuwa na njia chache, maana shule za Serikali zilikuwa haba. Ama ampeleke misheni huku akiogopa kumpoteza, ama amzuie huku akiogopa kumnyima maisha. Hata baina ya Wakristo wenyewe kulikuwa na ushindani. Mahali pengine shule ya Kikatoliki na ya Kilutheri zilitazamana ng'ambo ya kijito kimoja, zikigombea watoto wa kijiji kimoja, na kijiji cha pili hakina hata moja.

Tena ukuta huo ulimficha Mkristo na nafsi yake. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Takwimu za ubatizo zilipanda kila mwaka, na ni nani aliyeweza kujua ni wangapi waliotafuta maji ya ubatizo na ni wangapi waliotafuta cheti cha darasa la nane?

Yafaa hapa kumtaja Julius Nyerere, kwa sababu yeye alisimama upande zote mbili za ukuta. Kama mtoto hakusoma shule ya misheni: alianzia Mwisenge, Musoma, kisha akaenda shule ya Serikali ya Tabora. Alibatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima aliyejua afanyalo. Baadaye ndipo alipoingia misheni, lakini kama mwalimu: kwanza Mtakatifu Maria, Tabora, kisha Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambako alijiuzulu mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU. Mtu huyu alihudhuria Misa kwa uaminifu hata mwisho wa maisha yake mwaka 1999, na mtu huyu huyu ndiye aliyeiongoza Serikali iliyozitwaa shule za Kanisa lake.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Benki na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma, na viongozi wakawekewa miiko: wasiwe na mishahara miwili, wasipangishe nyumba, wasiwe na hisa katika makampuni. Tarehe 26 Machi ya mwaka huo huo Papa Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, Populorum Progressio, uliosema kwamba haki ya mtu kumiliki mali haiondoi haja ya wenziwe. Mwaka 1968 Maaskofu Wakatoliki wa Tanzania waliandika barua ya kichungaji wakiyapokea mema ya Azimio. Basi Mkristo aliyeshika madaraka alijikuta katika hali ngeni. Kwa miaka mingi alikuwa amehubiriwa juu ya tajiri na Lazaro, wala hakuna aliyemtaka auze nyumba ya kupangisha. Sasa chama cha siasa, kisichomtaja Mungu katika miiko yake, kilimtaka achague. Wako waliotii kwa moyo, wako waliotii kwa hofu, na wako walioandikisha mali kwa majina ya jamaa zao. Sheria ya dunia ilikuwa imeishika imani mahali panapouma kuliko mahubiri yalivyoishika.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969. Kuanzia mwaka 1970 shule zilizokuwa zikipewa ruzuku ziliingia chini ya Serikali, na ikakatazwa kumkataa mtoto kwa sababu ya dini au rangi yake. Seminari zilibaki kwa makanisa, kwa kuwa kazi yake ni kulea mapadre na wachungaji. Vipindi vya dini vilibaki pia katika ratiba, lakini kila dini iliwafundisha watoto wake kwa watu wake. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo Kanisa Katoliki liliijenga na ikafunguliwa mwaka 1971, nayo ikaangukia mikononi mwa Serikali.

Hasara haikuwa ndogo. Watawa na wamisionari waliotumia ujana wao kuzijenga shule hizo waliona funguo zikipita katika mikono mingine. Baadhi ya shule zilizosifika kwa nidhamu na usafi zilidhoofika. Lakini faida nayo haikuwa ndogo. Mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo waliketi dawati moja kwa haki na si kwa hisani. Na Kanisa likaulizwa swali ambalo halikuwahi kuulizwa kwa ukali namna ile: ukiondolewa shule, umebakiwa na nini cha kumpa jirani yako?

Nyerere mwenyewe alilisema jambo hilo kwa namna yake mwezi Oktoba 1970, alipowahutubia Masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mipango ya dunia imfungayo mtu katika umaskini, watu wataliona halina maana kwao, na dini itabaki kama ushirikina wa wenye hofu. Hayo hayakuwa maneno ya adui wa dini. Yalikuwa ya mwumini ambaye hakutaka imani yake ihifadhiwe kwa kufungiwa.

Jibu lililo kubwa halikutoka katika majengo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki, katika mikutano yao ya Nairobi ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Msingi wake ni ujirani. Nyumba chache zilizo karibu hukutana kila juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Husoma Injili ya siku, kila mmoja husema neno lililomgusa, kisha huuliza: nani ni mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa sare? Huchanga kidogo walichonacho. Mwongozaji huwa mara nyingi ni mama mkulima au fundi cherehani. Hapo hapana cheti cha kutafuta wala nafasi ya kupigania. Ajaye huja kwa sababu anataka kuja. Na mgonjwa azuruwaye huenda akawa si Mkristo, maana ugonjwa hauulizi dini kabla ya kubisha hodi.

Christopher Mwoleka, aliyekuwa Askofu wa Rulenge tangu mwaka 1969, alikwenda mbali zaidi. Alikaa na kufanya kazi ya mikono pamoja na wanakijiji wa ujamaa, akafundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili watu waufumbue kama kitendawili, bali ili waishi kwa kushirikiana yote waliyo nayo. Wengi walimheshimu; wengine walimshangaa.

Lakini mwandishi wa historia hapaswi kuimba sifa tupu. Kuishi bila ukuta kuna hatari yake, na hatari hiyo ilionekana katika miaka hiyo hiyo. Mwezi Novemba 1973 kuhamia vijijini kulitangazwa kuwa amri, na kufikia mwaka 1976 wakulima walio wengi walikuwa wamehamishwa. Mahali pengine walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa, wakaachwa na mashamba yaliyo mbali. Kanisa lililokuwa limeusifu ujamaa hadharani lilikuwa katika hali ngumu ya kuyakemea yale yaliyotendwa kwa jina lake. Rafiki wa karibu huona haya kumsema rafiki. Basi tumejifunza jambo la pili: imani inayojifungia ndani ya ukuta haimfai jirani, na imani iliyoshikana mno na dunia husahau kwamba ina neno lake yenyewe. Anayekaa na jirani hana budi awe mtu wa kumwambia kweli, ama sivyo ukaribu wake ni wa kivuli.

Tangu miaka ya 1980 ukuta umejengwa upya. Mwaka 1985 Bugando ilirudishwa kwa maaskofu. Mwaka 1991, katika Azimio la Zanzibar, miiko ya uongozi ililegezwa. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia sahihi mapatano juu ya huduma za elimu na afya, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa. Baadhi ya Waislamu walilalamika kwamba mapatano hayo yameyapa makanisa upendeleo. Vyuo vikuu vya makanisa vikafunguliwa, kama kile cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, mwaka 1998. Shule za sekondari za makanisa zimekuwa nyingi, na majina yake hutajwa kwa fahari matokeo ya mitihani yatangazwapo.

Nani atakayelaumu shule njema? Lakini yafaa kuuliza ni nani apitaye mlangoni. Ukuta wa kijiji ulikuwa wa kengele, na ukuta wa shule ya zamani ulikuwa wa ubatizo. Ukuta wa sasa, mahali pengi, ni wa ada. Tangu mwaka 2022 mtoto wa shule ya sekondari ya Serikali halipi ada mpaka kidato cha sita, wakati katika baadhi ya shule zenye msalaba langoni ada ya mwaka mmoja yapita pato la mkulima anayeichangia parokia yake kila Jumapili. Mwana wa mwenye duka, awe Mkristo au Mwislamu, aweza kuingia. Mwana wa mama yule anayeiongoza jumuiya ya jirani huenda asiweze. Dunia ya leo haiji tena na azimio la chama wala na sheria ya kutwaa shule. Huja na bei, na bei haipigi kelele. Ndiyo maji yale yajaayo polepole niliyoyataja mwanzoni, na safari hii yameingia kwa mlango wa mbele, yakapokelewa kama mgeni wa heshima.

Yako majibu, nayo hayatoki mbali. Ziko shule za makanisa zitengazo nafasi kwa watoto wa maskini, na ziko hospitali za misheni katika wilaya za mbali zipokeazo mgonjwa kwanza na kuhesabu fedha baadaye. Wapo wahasibu, mahakimu na mafundi ambao hawalitaji jina la Kristo kazini, lakini rushwa haipiti mezani pao, na wenzao wajua kwa nini. Ziko jumuiya zinazokutana bado chini ya mwembe au katika chumba kimoja cha kupanga mjini. Hao wote hawana ukuta wa kuonyesha wageni. Lakini ikitokea tena siku ya funguo kupita katika mikono mingine, kwa vita, kwa sheria au kwa kufilisika, ni kwao watu watakapokwenda kuuliza kama imani ingalipo. Walimu wa Kilimanjaro na Buhaya waliulizwa swali hilo baada ya mwaka 1916, wakajibu kwa kufundisha, kuzika na kupatanisha. Kanisa lenye majengo mengi lafaa kujiuliza, kabla ya siku hiyo kufika, kama linawalea watu wa namna ile, au kama linalea majengo tu.